Wosia wa Zamani na Nyumba ya Leo

Katika nyumba kadha wa kadha za Bariadi, na Itilima, na Maswa, na Meatu, na Busega, liko sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake, pamoja na vyeti vya ndoa na vyeti vya shule na risiti za pamba, imo karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ni wosia wa baba mwenye nyumba, na pengine wa mama. Twawasifu walioiandika, maana walishinda hofu ya wale wasemao kwamba kuandika wosia ni kujiitia mauti. Lakini mwezi huu ni hao hao tutakao kusema nao, kwa kuwa wengi wao hudhani kazi ilikwisha siku ile walipotia sahihi.

Wosia huandikwa siku moja, nao husema siku nyingine, ambayo mwenyewe hayupo tena kueleza alitaka nini. Miaka iliyo katikati ya siku hizo mbili haimo katika karatasi. Mtoto aliyezaliwa katikati, karatasi haimjui. Shamba lililouzwa katikati, karatasi yaendelea kuligawa. Basi mwenye wosia asipoufungua mwenyewe angali hai na kuulinganisha na nyumba yake, watafungua wengine, nao watalinganisha kwa ugomvi.

Tuchukue mfano. Si mtu mmoja tumjuaye, bali tumeyakusanya mambo yatokeayo katika nyumba nyingi tukayatia katika nyumba moja. Mzee huyu akaa upande wa Dutwa. Mwaka 2004 alimwita mwalimu wa shule amwandikie wosia, wakawapo ndugu yake mkubwa na jirani wawili. Juu ya karatasi pameandikwa Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Aligawa ng'ombe 40, mashamba mawili ya pamba, majaruba ya mpunga, nyumba ya bati na plau. Mkewe alipewa nyumba. Watoto watano kila mmoja akapewa ng'ombe na sehemu ya ardhi. Ndugu yake mkubwa akawekwa awe msimamizi. Wosia mwema, wala hatuoni kasoro ndani yake.

Tangu hapo mambo yamekwenda hivi. Mwaka 2009 mkewe alifariki. Mwaka 2011 mzee alioa mke mwingine kwa ndoa ya kanisani, naye amemzalia watoto wawili. Mwanawe wa pili, aliyepewa ng'ombe 8 katika wosia, amefariki na kuacha watoto. Shamba moja la pamba liliuzwa ili binti alipiwe ada ya chuo. Ng'ombe wengine walikufa kwa ukame, wengine kwa ndigana, wengine walitoka kwa mahari. Ndugu yake aliyewekwa msimamizi amekwisha kuzikwa. Na karatasi ingali sandukuni, imekunjwa vile vile, tayari kumpa nyumba mwanamke aliye kaburini tangu mwaka 2009, huku mke anayepika katika nyumba hiyo hatajwi hata kwa herufi moja.

Jina la mkoa, tuseme upesi, si kasoro. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukakatwa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na mwaka huo huo Itilima ikatoka katika Bariadi ikawa wilaya; wala wosia hauharibiki kwa sababu serikali imegawa mipaka. Ila mtu asomapo karatasi yake akakuta bado yasema Mkoa wa Shinyanga, na ajiulize ni mambo gani mengine ya nyumbani mwake yaliyobadilika tangu mwaka ule. Na kama shamba lake lilielezwa kwa jina la kijiji ambacho sasa kimegawanywa viwili, afadhali alieleze upya kwa mipaka yake, na kwa namba ya hati ya kimila ikiwa amekwisha kuipata kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Tuseme kwanza juu ya ng'ombe, kwa maana hapo ndipo mali ya Msukuma ilipo, na hapo ndipo wosia huzeeka upesi kuliko penginepo. Ardhi hukaa mahali pake. Ng'ombe huzaa, hufa, huuzwa mnadani, hutolewa mahari, huazimwa kwa rafiki. Mtu aandikaye kwamba mwanawe mkubwa apewe yule fahali mwekundu ameandika neno litakalodumu miaka michache tu. Ikiwa siku ya kufa kwake fahali huyo hayupo zizini, sheria haimtafutii mtoto fahali mwingine. Fungu lile limekufa pamoja na mnyama. Na aandikaye ng'ombe 8 kwa huyu na 8 kwa huyu, hali zizi limebaki na ng'ombe 11, amewaachia wanawe hesabu isiyogawanyika. Kwa hiyo twaona ni bora mwenye mifugo aandike kwa mafungu, yaani theluthi, robo, nusu, kuliko kwa vichwa. Fungu hupanda na kushuka pamoja na zizi, wala halihitaji kuandikwa upya kila masika.

Tena liko jambo la ng'ombe walio nje ya zizi. Wafugaji wengi wa kwetu, ili ugonjwa au ukame usiwamalize ng'ombe wote pamoja, huwapeleka wengine kwa rafiki au shemeji, pengine mbali, upande wa Meatu au hata ng'ambo ya mkoa. Mwenye mali huwajua wote kwa rangi na kwa mama zao, naye hajaandika popote. Akifa, aliyewaweka aweza kuwa mwaminifu, na aweza asiwe. Orodha ya ng'ombe hao si lazima iwe ndani ya wosia. Yafaa iwe daftari, imo tarehe, na jina la aliyewaweka, na wangapi walikwenda na wangapi wamezaliwa, nayo itengenezwe kila mwaka baada ya mavuno. Wosia useme tu kwamba daftari lipo, na liko kwa nani.

Sasa twaja kwenye sheria, nasi twaomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo wengi wa nyumba zetu wanapojidanganya. Mkristo hudhani kwamba cheti cha ndoa ya kanisa chamtoa katika kanuni za mila. Sivyo. Mahakama zetu hutazama jinsi marehemu alivyoishi, na kama alionyesha nia ya kuacha mila au la. Ubatizo peke yake hautoshi. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua shauri la marehemu mmoja aliyekaa mbali na kwao, mwenye mke wa kabila jingine, ikaona ya kuwa ameyaacha maisha ya mila, ikaamuru mali yake ifuate sheria ya urithi ya mwaka 1865, ile iliyotungwa kwa ajili ya India na kuletwa Tanganyika na Waingereza. Lakini mzee wa Dutwa, mwenye ng'ombe, akaaye katikati ya ukoo wake, na mashauri ya nyumba yake yakitengenezwa na wazee, banamhala, huyo aghalabu atahesabiwa kuwa mtu wa mila ingawa huimba kanisani kila Jumapili.

Na mila hizo zimeandikwa. Mwaka 1963 serikali ilizikusanya mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba, ikazitangaza kwa Tangazo la Serikali namba 436. Ndani yake zimo kanuni za urithi, na kanuni za wosia. Katika zile za urithi imesemwa kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa mumewe ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Wajane wawili wa Kisukuma wa Mkoa wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zawabagua wanawake, walakini haikuzifuta, ikiona kwamba mila hazigeuzwi kwa tamko la hakimu. Mwaka 2010 rufani yao iliondolewa kwa kasoro ya tarehe katika hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iangaliayo haki za wanawake ilitamka ya kuwa haki zao zimevunjwa. Hesabuni wenyewe miaka hiyo, kisha mfikiri juu ya mjane mwenye watoto wadogo ambaye mashemeji wamesimama mlangoni.

Hatulielezi shauri hilo ili kuwalaumu mashemeji. Twalieleza ili baba wa nyumba ajue mkewe aangukia wapi asipotajwa katika wosia. Mke wa kwanza wa mzee wetu alitajwa. Wa pili hakutajwa, si kwa sababu hapendwi, bali kwa sababu karatasi ilimtangulia kuja. Na tazama: ikiwa mzee atahesabiwa kuwa mtu wa sheria ya 1865, basi wosia wake ulikufa siku ile ya harusi mwaka 2011, kwa maana sheria hiyo yasema kwamba ndoa ya mwenye wosia hutangua wosia alioufanya kabla yake, mali yake itagawiwa kana kwamba hakuandika kitu, theluthi kwa mjane na theluthi mbili kwa uzao wake. Ikiwa atahesabiwa kuwa mtu wa mila, wosia waweza kusimama, lakini wamgawia aliyekufa na kumpita aliye hai. Katika njia hizi mbili hakuna hata moja iliyo mapenzi ya mzee mwenyewe. Tumewasikia watu wakisema kwamba watoto watajua wenyewe. Watoto wa mama wawili, mmoja akiwa kaburini! Hatudhani watajua.

Juu ya yule mwana aliyefariki kabla ya baba yake, sheria ya 1865 ina huruma kidogo. Kwa kawaida aliyepewa kitu akitangulia kufa, fungu lake hurudi katika mali iliyobaki. Ila akiwa ni mtoto au mjukuu wa mwenye wosia, naye ameacha uzao, fungu halipotei, bali huhesabiwa kana kwamba alikufa baada ya baba yake. Hata hivyo ni heri babu awaandike wajukuu hao kwa majina yao kuliko kuwaachia mawakili kazi ya kuwatafutia.

Basi, mtu akiisha kuona kwamba wosia wake umezeeka, afanyeje? Kwanza tuyataje yale ambayo watu hufanya na ambayo hayafai. Mmoja huchukua kalamu, akakata jina la marehemu mkewe, akaandika juu yake jina la mke wa sasa, akalirudisha karatasi sandukuni, akalala usingizi mzuri. Mkato huo hauna nguvu. Neno lililogeuzwa katika wosia lahitaji sahihi ya mwenyewe na ya mashahidi karibu na pale palipogeuzwa, kama vile wosia wenyewe ulivyohitaji. Pasipo hayo, wenye kushindana watasema kwamba aliyekata ni mke mpya, na nani atakayewajibu? Mwingine huwaita watoto jioni akawaambia kwa kinywa kwamba ameghairi, shamba la mtoni sasa ni la mdogo. Kwa kanuni za 1963 wosia wa mdomo hufaa ukiwa na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki; lakini wosia ulioandikwa hautanguliwi na neno la mdomo. Andiko huondolewa kwa andiko. Na wa tatu hukasirika akaichana karatasi, akasahau kwamba nakala moja iko kwa mchungaji na nyingine kwa mtendaji wa kijiji, nazo zitatokea siku ya msiba zikiwa nzima.

Njia zifaazo ni mbili. Ikiwa badiliko ni dogo, kama kumweka msimamizi mwingine mahali pa aliyekufa, yatosha karatasi ya nyongeza, itajayo tarehe ya wosia ule na neno ligeuzwalo, na kusema ya kuwa mengine yote yakae kama yalivyo. Nyongeza hiyo hutiwa sahihi na kushuhudiwa sawasawa na wosia, nayo huhesabiwa kuwa sehemu yake. Hatupendi nyongeza zikizidi moja. Tukiona wosia wenye nyongeza tatu, kila moja ikigeuza ya mwenzake, twajua mahakamani kutakuwa na kazi. Ikiwa mabadiliko ni makubwa, mke, watoto, ardhi, basi iandikwe karatasi mpya yote, na mwanzoni mwake yawe maneno ya namna hii: Mimi fulani wa kijiji fulani, nikiwa na akili timamu, natangua wosia wangu wote wa zamani, na hasa ule nilioutia sahihi tarehe fulani, na huu ndio wosia wangu. Msiliache neno hilo la kutangua. Pasipo hilo zitasomwa karatasi mbili pamoja, na pale zisipopingana, zote mbili zaweza kudaiwa kuwa na nguvu. Wala mtu asifikiri kwamba akija kuuchoma ule mpya, wa zamani utaamka. Kwa sheria ya 1865 wosia uliokwisha kutanguliwa haufufuki ila kwa kutiwa sahihi na kushuhudiwa tena.

Mashahidi ni wale wale watakiwao kwa wosia wa kwanza. Kwa kanuni za mila, ikiwa mwenye wosia ajua kusoma na kuandika, wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Ikiwa hajui, wasipungue wanne, wawili na wawili. Na mashahidi hao wawe wenye kusoma na kuandika. Kwa sheria ya 1865 watosha wawili. Aliyeandikiwa mali asiwe shahidi, wala mume au mke wake, maana kwa sheria hiyo aliyeshuhudia huipoteza zawadi yake, ijapokuwa wosia wabaki.

Hapa liko fundo moja, nasi hatutalificha. Kanuni za mila zataka mke aliye nyumbani siku ile ashuhudie wosia wa mumewe. Sheria ya 1865 yamnyima mali mke aliyeshuhudia. Sheria mbili zavutana juu ya mwanamke mmoja, na mtu wa Bariadi hawezi kujua kwa hakika ni ipi itakayotumiwa baada ya kufa kwake. Kwa sababu ya fundo hili peke yake twasema mume ampendaye mkewe na afunge safari kwa wakili, au kwa ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika wakala wa serikali uitwao RITA, kabla ya kutia sahihi. Nauli ya kwenda mjini si kitu mbele ya nyumba.

Waalimu wa vijijini, ninyi ndio mwitwao kuandika. Mzee akija na wosia wa zamani ili umtengenezee, usianze kwa kuandika. Anza kwa kuusoma wote mbele yake, pole pole, kwa Kisukuma kama Kiswahili chake ni kidogo, nawe usimame kila panapo jina la mtu au la kitu, ukauliza: Baba, huyu yuko? Hiki kipo? Utaona jinsi mzee atakavyonyamaza penye jina la marehemu. Usimhimize. Ukiisha kuandika upya, msomee tena, na uandike chini ya kwamba umesomewa kwa lugha aijuayo na ameukubali, ndipo atie sahihi au dole gumba. Na wewe mwenyewe, mwalimu, ulizijaza karatasi za mwajiri ulipoajiriwa, ukaandika wategemezi wako. Ulikuwa kijana. Karatasi hizo nazo huzeeka, kadhalika jina ulilolitoa benki.

Kuna baba atakaye kuutengeneza wosia si kwa sababu ya mtoto aliyeongezeka, bali kwa sababu ya mtoto ataka kumtoa. Kijana amekwenda Mwanza, hajatuma hata salamu miaka sita. Au amemjibu baba yake vibaya mbele ya wageni. Baba asema, na afutwe. Na ajue kwamba kwa kanuni za 1963 hasira si sababu. Zimetajwa sababu zake: mrithi aliyezini na mke wa mwenye wosia, aliyejaribu kumwua, au aliyemshambulia na kumdhuru vibaya, aliyeacha kumtunza katika ugonjwa au njaa bila sababu ya haki. Sababu hiyo itajwe wazi, na mrithi apewe nafasi ya kujitetea. Kumpita kimya tu, kana kwamba hakuzaliwa, ni kumwandalia njia ya kwenda mahakamani, na huko wosia wote waweza kuanguka pamoja na mafungu ya wale watoto waliotii. Tena kijana wa miaka 20 si mtu wa miaka 35. Tumewaona walioondoka wakiwa wakaidi wakarudi kuwauguza wazazi wao, na wosia ule wa hasira ungali sandukuni, maana baba alikwisha kusamehe, akasahau kuandika kwamba amesamehe.

Wala jambo hili lisingoje kitanda cha ugonjwa. Nchi yote ilisikia habari za Bwana Reginald Mengi, mwenye viwanda na magazeti, aliyefariki mwaka 2019. Ulitolewa wosia wa mwaka 2017, ulioandikwa wakati afya yake ilipokuwa imedhoofika, nao uliwapa mali mke wake wa pili na watoto wake wadogo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliukataa. Katika sababu zake ilizitaja hali ya afya yake na kuachwa kwa watoto wakubwa. Sisi hatuwezi kusema moyoni mwake alitaka nini. Lakini ikiwa mtu mwenye mawakili wote wa Dar es Salaam aliweza kupatwa na hayo, itakuwaje kwa mzee aandikiwaye usiku hospitalini, mkono ukitetemeka, na walio kitandani ni wa upande mmoja tu wa nyumba? Wosia utengenezwe mchana, mwenyewe akiwa ametoka shambani kwa miguu yake, na watu wamemwona akisalimia sokoni.

Yuko naye Alfred Nobel wa Uswidi, ambaye zawadi za jina lake hutolewa kila mwaka. Wosia wake tuujuao haukuwa wa kwanza. Alikwisha kuandika mwingine mwaka 1889, na mwingine mwaka 1893. Kisha mwaka 1895, mjini Paris, akaandika wa mwisho mbele ya mashahidi wanne, akaitangua ile ya kwanza, na akaitenga sehemu kubwa ya mali yake iwe ya zawadi hizo. Mwaka uliofuata alifariki. Jamaa zake waligombana na wosia huo, kwa kuwa aliuandika pasipo msaada wa mwanasheria na mambo mengi hayakuwa wazi, hata zawadi za kwanza zikatolewa mwaka 1901. Lakini kama angaliacha sandukuni ule wa mwaka 1889, zawadi zenyewe zisingalikuwapo.

Watu hutuuliza, wosia utazamwe mara ngapi? Sheria haikuweka hesabu. Sisi twapendelea utazamwe kila baada ya miaka mitatu, tena papo hapo yatokeapo mambo haya: ndoa, kuzaliwa, kifo, kununua au kuuza ardhi, na kufa kwa msimamizi. Hilo la msimamizi husahauliwa kuliko yote. Watu humweka ndugu mkubwa kwa heshima, na ndugu mkubwa, kwa desturi ya ulimwengu, hutangulia. Wekeni wawili, mmoja awe kijana kuliko ninyi, na mwulizeni kwanza kama akubali. Tumemjua mtu aliyejua kuwa yeye ni msimamizi siku ya arobaini.

Mwisho ni habari ya karatasi ya zamani. Isiharibiwe kabla ile mpya haijatiwa sahihi zote, maana kati ya hizo mbili mtu aweza kufa. Mpya ikiisha kukamilika, zikusanyeni nakala zote za zamani, ya mchungaji, ya mtendaji, ya ndugu, na kama asili imewekwa kwa Kabidhi Wasii, mwenyewe aende huko kuweka mpya. Kisha azichome kwa mkono wake mbele ya mashahidi wale wale, au aandike juu ya kila ukurasa kwamba umetanguliwa, pamoja na tarehe na sahihi. Na msimamizi mpya aonyeshwe ule mpya ulipo, na ufunguo wa sanduku uko kwa nani.